Dada Staa, Hilo Boksi la TV Unalotuuzia Umewahi Kuliwasha kwa Bando?

Leo naomba mnisamehe, sina ubuyu wa nani kamwacha nani wala nani kahongwa gari. Leo nimeamka na hasira, na hasira zenyewe zinamhusu mtu ambaye wengi wenu mnamfuata. Hata mimi namfuata. Ni dada wa mjini, ana wafuasi wengi kuliko watu wote wa mkoa wa Lindi, na Lindi kwa sensa ya 2022 tulikuwa zaidi ya milioni moja na laki moja. Jina sitaji. Sina hela ya wakili, na ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 naisikia kwa wenzangu na nataka niendelee kuisikia kwa wenzangu. Ila dada unajijua. Na kuna kaka mmoja wa Bongo Fleva naye anajijua, maana mmeshika kiboksi kilekile, cheusi, mnasema maneno yaleyale kama mmekaririshwa darasani.

Video yenyewe mmeiona. Dada kakaa kwenye kochi jeupe, sebule inang'aa kama benki, TV kubwa kama mlango wa gereji. Anachomeka kiboksi, anabonyeza rimoti, muvi hiyo, mpira huo, tamthilia ya Kituruki hiyo. Halafu anatuambia tutupe ving'amuzi, tulipe mara moja tu, tuangalie kila kitu bure maisha yetu yote. Chini kuna namba ya kuagiza. Mikoani tunatuma kwa basi.

Sasa mimi ndiye niko hapo mikoani.

Naishi Ruangwa, na nina mjomba. Kwetu Wamwera mjomba siyo mtu wa kuchezea, akiita unaacha tonge kwenye sahani unaenda. Mjomba mwaka huu kauza ufuta wake, mnada wa RUNALI ukapita, pesa ikaingia. Alikuwa na mpango wa kuongeza bati kwenye chumba cha nyuma. Ila mwanawe wa kike akamwonyesha ile video, na mzee akaona dunia imekuja mlangoni. Laki moja na elfu ishirini ikaenda kwa namba ya chini ya posti, na ya parseli juu yake. Siku ya tatu boksi likashuka stendi.

Jumapili moja jioni simu ikaita. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mpwa. Njoo uangalie hiki kidude, nahisi kimerogwa."

Nikaenda. Nilichokikuta sebuleni ni hivi. Namungo ilikuwa inacheza na Simba, ugenini Dar. Na mnajua Namungo kwetu ni nini, tangu ilipopanda Ligi Kuu 2019 hapa Ruangwa hata bibi anayeuza mihogo anajua maana ya kadi nyekundu. Mjomba kaita majirani, kapanga viti, mkewe kapika chai ya watu kumi na tano. Kaweka bando la elfu kumi kwenye simu, kafungua hotspoti, boksi likaunganishwa. Watoto wakaangalia katuni kuanzia saa nane. Mpira ukaanza, kwenye chaneli isiyojulikana ni ya nani, mtangazaji anaongea lugha isiyojulikana ni ya wapi. Dakika ya ishirini na kitu picha ikaganda, mchezaji mguu juu kama sanamu. Halafu kiduara kikaanza kuzunguka. Bando limeisha. Mjomba akaongeza la elfu tano, likaisha kabla ya mapumziko. Majirani wakaaga mmoja mmoja kwa adabu, "mzee wacha tupite mara moja kule", na kule ni kibanda umiza, shilingi mia tano tu. Mjomba akabaki na boksi, viti na chai.

Halijarogwa. Mimi mafundi wa maboksi wananijua, hapa mtaani nawawekea watu muvi kwenye flashi na kuwarekebishia TV tangu nimemaliza Form Four, kwa hiyo hiki kitu nakijua kwa mikono. Sikilizeni, maana hapa ndipo yule dada hafiki.

Simu yako inajua kwamba unatumia bando. Ukiwa kwenye data inakuwa na huruma kidogo: haishushi mafaili makubwa bila kuuliza, YouTube inapunguza ubora, apu zinasubiri waifai ndiyo zijisasishe. Boksi halijui lolote kuhusu hayo. Wewe ukifungua hotspoti, boksi linaona waifai. Na kwa waliolitengeneza, waifai maana yake ni nyumba yenye intaneti ya kulipia kwa mwezi, isiyohesabiwa. Kwa hiyo linajiachia. Linavuta picha ya ubora wa juu kadiri mtandao unavyoruhusu, linasasisha apu zake zote kimyakimya, video ikiisha linaanzisha nyingine lenyewe hata kama mmelala. Dada, kwako boksi linakunywa mtoni. Kwa mjomba linakunywa kwenye ndoo ya maji ya kununua.

Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula mpaka GB 1 kwa saa, HD mpaka GB 3, na ile ya 4K mpaka GB 7. Bando ninalonunua mimi linanitoka kama elfu mbili kwa GB moja, wewe piga na la kwako. Saa moja ya HD ni elfu sita. Muvi moja ya saa mbili ni elfu kumi na mbili, na hapo bado hujalipia hiyo Netflix. Familia ikiwasha saa nne kwa siku, kwa picha ya kawaida tu, siyo hata HD, ni elfu nane. Kwa mwezi laki mbili na elfu arobaini! Hapo maboksi mawili yanarudi kwa bando la mwezi mmoja. Na hiyo ndiyo "lipa mara moja".

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika huko chini kwamba Ruangwa ni washamba, wawekewe fiba. Ndugu, fiba mtaani kwangu haijafika. Siku ikifika nitaandika posti nyingine ya kulisifia boksi, nakuahidi. Mimi siyo adui wa teknolojia, nakula kwa teknolojia. Ninachosema ni kwamba kifaa unakichagua kwa kuangalia intaneti uliyonayo, halafu ndiyo uangalie mfuko, halafu ndiyo uangalie TV. Staa hayumo kwenye orodha.

Tuje kwenye neno "bure", maana hapa ndipo namtaka kaka wa Bongo Fleva.

Kaka, mwaka juzi ulilia hadharani kwamba nyimbo zako zinapakuliwa mitandaoni bila wewe kupata senti. Tukakuonea huruma, nami niliandika hapahapa kukutetea. Leo unatuuzia boksi lililojazwa apu za muvi za wizi na chaneli za wizi, unaita bure. Bure ya nani? Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana mpaka Kariakoo wakilalamika kwamba muvi za nje za bei ya chee zinawaua sokoni. Kariakoo ileile ndiko yanakotoka maboksi haya, na baadhi ya walioguswa na kilio kile ndio sura za matangazo leo. Ukiibiwa wewe ni uharamia, akiibiwa mwingine ni ofa ya sikukuu.

Na ya wizi haina mwenyewe wa kumlalamikia. Ligi yetu ya Bara ina mwenye haki ya kuirusha na anajulikana: Azam Media na TFF walisaini mwaka 2021, miaka kumi, shilingi bilioni 225.6. Sehemu ya hela hiyo ndiyo inayofika mpaka kwa timu kama Namungo. Ile chaneli aliyokuwa anaiangalia mjomba imeiba tu picha, leo ipo, kesho anwani imefungwa, keshokutwa boksi linaonyesha kioo cheusi. Utampigia nani? Namba ya chini ya posti? Mjomba aliipiga. Mara ya kwanza wakamwambia azime awashe. Mara ya pili wakamwambia ni mtandao wa kwake. Mara ya tatu namba haipatikani, na dada alishafuta posti, sasa anatangaza mafuta ya kukuza nywele.

Subirini, kuna baya zaidi ya hayo.

Januari 2023 mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta huko Canada aligundua kwamba boksi la T95 alilolinunua Amazon lilikuja na virusi ndani, kiwandani, kabla hajaligusa. Watu wakadhani ni boksi moja bovu. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kwa umma kuhusu kitu kinaitwa BADBOX 2.0: vifaa vya bei nafuu, maboksi ya TV yakiwemo, mengi yametengenezwa China, ambayo yanakuja na virusi au yanavipata wakati wa kuyawasha mara ya kwanza kwa kushusha apu za ajabuajabu. Mwezi uliofuata Google wakafungua kesi wakisema vifaa vilivyoambukizwa vimepita milioni 10. Kazi ya virusi hivyo mojawapo ni kukodisha intaneti yako kwa watu wengine. Yaani mhalifu yuko huko aliko, anafanya utapeli wake, lakini mtandaoni anaonekana yuko sebuleni kwako.

Mzungu akisikia hivyo anaogopa polisi. Mimi nilifikiria bando. Mtu ananunua GB moja kwa jasho la ufuta, halafu boksi linampa mgeni asiyemjua wala kumwona. Sisemi la mjomba lina virusi, sina vifaa vya kulipima. Nasema nililiwasha usiku, nikazima apu zote, TV nikaizima kabisa, nikaliacha limeunganishwa, na asubuhi MB 300 na ushee zilikuwa hazipo. Inaweza kuwa ni kujisasisha tu. Ila nilikuwa nimeshalisasisha jioni.

Kabla hamjaniuliza, ngoja niseme mwenyewe, maana kuna wanaokumbuka. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, pesa za korosho zikiwa zinazunguka, niliweka hapa posti ya boksi kama hilo. Nililipwa elfu arobaini. Sikuandika kwamba nimelipwa. Boksi lenyewe sikuwahi kulishika, nilitumiwa picha na maneno, nikabandika. Wasomaji watatu ninaowajua walinunua, mmoja yuko Nachingwea na alinitumia ujumbe ambao siwezi kuurudia hapa kwa sababu kuna watoto. Nilimjibu "pole sana, labda ni mtandao". Hayo ndiyo maneno niliyomjibu. Kwa hiyo dada ninavyokusema nakusema kama mtu aliyekalia kiti chako, ila changu kilikuwa cha plastiki. Yule wa Nachingwea nimemrudishia elfu ishirini, nyingine anaidai na haki yake. Ile posti nimeiacha, nimeandika juu yake kwa herufi kubwa TANGAZO LA KULIPWA, USINUNUE.

Na ndiyo maana sikubali hoja ya "staa anatafuta riziki kama wewe". Sawa, atafute. Aseme amelipwa. Akiwashe hicho kitu nyumbani wiki moja kabla ya kufungua mdomo. Mama ntilie akikuuzia wali uliolala unajua pa kumkuta kesho asubuhi. Staa anatuuzia kitu ambacho hata hajui nyuma kina matundu mangapi.

Sasa, mtu akija kwangu anataka boksi, namuuliza maswali kabla sijamruhusu kutoa hela. TV yako ni ipi? Kama ni chogo, hiyo haina HDMI, unahitaji boksi lenye tundu la AV, zile waya za njano, nyekundu na nyeupe, na vijiti vingi vizuri havina tundu hilo. Kama TV yako tayari ni smati na YouTube inafunguka, boksi la nini? Unaongeza rimoti mezani tu. Kama kweli unalihitaji, tafuta la kampuni inayojulikana, lenye mfumo wa Android TV au Google TV uliothibitishwa. Boksi lisilothibitishwa hata ukilipia Netflix halikupi HD, kwa hiyo ile "4K 8K" iliyoandikwa kwenye paketi ni mapambo. Ingia Play Store ya boksi, kwenye setingi, sehemu ya kuhusu, uone kama wameandika kifaa kimethibitishwa. Wakisema RAM GB 4 na hifadhi GB 64 kwa bei ya viatu vya mtumba, ujue namba zimeandikwa na mchapishaji wa paketi. Na usichomeke kijiti kwenye USB ya TV ukashangaa kinajizima kila dakika tano, ile USB nyingi umeme wake ni mdogo, tumia adapta yake. Gadi muhimu, umeme wetu wa Kusini tunaujua.

Ukishaliwasha, nenda kazime kujisasisha kwa apu. Zima video kujianzisha zenyewe. YouTube kwenye TV weka 480p, na ukague kila mara, kwa TV ya inchi 32 ukiwa umekaa mita tatu huoni tofauti ya maana. Simu nyingi za siku hizi zina sehemu ya kuweka kikomo cha hotspoti: weka GB 1, ikifika inakata yenyewe, mnakwenda kulala. Na boksi likizimwa na hotspoti izimwe, isibaki hewani.

Lakini kwa nyumba kama ya mjomba jibu langu la kweli halina boksi. Mpira na taarifa ya habari, king'amuzi. Muvi na katuni, flashi. Najua naongea kama mfanyabiashara wa flashi, na ndiyo, nitapata mia tano yangu, ila hesabu haijali ni nani anaipiga. King'amuzi chenye dishi au antena hakihesabu umeangalia saa ngapi. Wangapi mnakumbuka Mei 2024? Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kikaikata barabara ya Dar, sisi wa Kusini tukawa kisiwa. Tarehe 12 nyaya za chini ya bahari zikaleta hitilafu, intaneti nchi nzima ikawa inachechemea, hata WhatsApp ujumbe wa maandishi unakwenda kwa kusukumwa. Wiki ile wenye ving'amuzi waliangalia habari za kwetu kwenye TV. Mjomba alikuwa nacho, kile alichoambiwa akitupe. Bahati hakukitupa, alikifunika kitambaa akakiweka juu ya kabati. Juzi tumekishusha, nikamfungia dishi upya maana fundi wa mwanzo alilielekeza kwenye mwembe.

Dada, nina ombi moja, na wadau nisaidieni kumtag mpaka aone. Rekodi video nyingine. Sebule ileile, kochi lilelile. Zima fiba. Nunua bando la elfu kumi kwa laini ya kawaida, fungua hotspoti, angalia hilo boksi mpaka bando liishe, na salio tulione pembeni ya kioo muda wote. Ukimaliza mpira mmoja pamoja na mapumziko, mimi nafuta posti hii na mjomba nitamwambia nilikosea.

Wakati naandika hapa mjomba kanitumia kitu WhatsApp. Ni video, dada mwingine, kochi jingine, ameshika projekta ndogo kama tofali. "Mpwa, hii nayo vipi?"